Bwana Naye Apimwe

Twamfahamu bwana mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, aliyemrudisha mkewe kwao kwa kuwa hakuzaa. Akatwaa mwingine. Miaka mitatu imepita, na huyu wa pili naye hana mtoto; lakini mama wa kwanza, aliyetukanwa sana na wakwe zake, sasa ananyonyesha. Bwana mwenyewe hajapimwe hata siku moja.

Watabibu hufundisha kwamba mume na mke wakikaa miezi 12 bila kupata mimba, wachunguzwe wote wawili. Kipimo cha mume ni chepesi kuliko vya mke: shahawa zake hutazamwa kwa darubini. Haya ndiyo humzuia, wala si gharama peke yake.

Pengine katika shahawa huonekana vijidudu. Hapo mtu asitishike upesi, kwa maana vingine ni vya ngozi tu, na wanaume wenye watoto wengi wanavyo pia. Adui hasa ni vijidudu vya kisonono na vya klamidia. Kwa mume huweza kuziba njia ya mbegu. Kwa mke hupanda na kuharibu mirija ya uzazi, mara nyingi pasipo maumivu yoyote. Hesabu ya watu iliyofanywa nchini Kongo miaka ya 1955 hadi 1957 ilikuta huko Uele wanawake wengi mno wasiozaa kamwe, na magonjwa hayo ya zinaa yalitajwa kuwa sababu kubwa.

Katika hospitali zinazounganisha yai na mbegu nje ya mwili (njia ambayo Kanisa liliikataa katika maagizo ya Donum Vitae ya 1987), shahawa huoshwa kwanza ili vijidudu visiharibu kazi. Je, vijidudu hivyo hupunguza mimba? Wataalamu hawajapatana. Lakini kumponya mgonjwa kisonono chake, hakuna anayekataza.

Basi msinunue vidonge ovyo sokoni. Mpimwe, kisha mtibiwe pamoja siku zile zile, maana akitibiwa mmoja tu, mwenzake atamwambukiza tena. Mbegu mpya hukomaa kwa muda wa miezi miwili na nusu hivi. Kwa hiyo bwana arudi kupimwa baada ya miezi mitatu, naye mama asipelekwe kwao kabla ya siku hiyo, wala baada yake.