Kupalilia: Neno la Shambani Katika Kazi ya Mwalimu

Miongoni mwa maneno yaliyotoka shambani yakaingia darasani, limo neno 'kupalilia'. Twasikia juu ya kupalilia vipaji, kupalilia nidhamu, kupalilia lugha ya taifa. Tumelikuta pia katika maandalio ya masomo ya wanachuo: 'Mwalimu atapalilia makosa ya wanafunzi.' Sentensi hiyo yaonekana nyofu. Kwa maoni yetu, imesema kinyume cha alichokusudia mwandishi wake.

Tuanze na jembe. Mkulima apaliliapo mahindi huondoa magugu yanayoinyang'anya mimea maji, mwanga na rutuba, kisha huutifua udongo na kuurudishia shinani. Jicho lake li juu ya mmea. Ndiyo maana husemwa 'kupalilia mahindi' na 'kupalilia pamba': yambwa ya kitenzi ni kile kinachotakiwa kustawi. Ni kweli wapo wasemao 'kupalilia magugu', na shambani hakuna apotezwaye, kwani jembe na gugu vyaonekana kwa macho. Lakini neno likiisha kuwa sitiari, jembe halionekani tena, na maana ya msingi ndiyo itawalayo: kinachopaliliwa ndicho kinachostawishwa. Apaliliaye chuki huikuza. Hakuna Mswahili atakayedhani kwamba anaing'oa. Je, apaliliaye makosa? Makosa hung'olewa, ufahamu ndio upaliliwao.

Huenda mtu akasema kwamba twagombania neno tu. Sivyo. Mwalimu anayehesabu magugu husahihisha insha kwa wino mwekundu tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, asiandike hata neno moja juu ya wazo zuri lililomo. Magugu yameondoka, lakini udongo haukurudi shinani. Safari ya pili mtoto huandika sentensi tatu fupi ambazo hawezi kuzikosea. Mwalimu anayeuangalia mmea huchagua: leo upatanisho wa ngeli, kesho alama za uandishi, na palipo na wazo lenye nguvu, huliongezea udongo kwa swali moja au kwa neno la kutia moyo.

Shamba lafundisha pia wakati. Mahindi hupaliliwa yakiwa machanga. Ukichelewa, mavuno yamekwisha kupungua hata ukiyafyeka magugu yote. Tena lipo gugu liitwalo kiduha, ambalo hujishika kwenye mizizi ya mahindi na mtama na kuanza kuinyonya kabla halijachomoza juu ya ardhi. Makosa mengine ni ya namna hiyo. Mtoto aliyepewa 52 – 38 akapata 26 ameitoa 2 katika 8, kwa kuwa aliona haiwezekani kuitoa 8 katika 2. Kumwekea alama ya kosa hakutoshi. Mwulize alivyofanya, asimulie hatua kwa hatua. Hapo ndipo mzizi utakapoonekana.

Basi sitiari hii ifundishwe vipi? Twapendekeza somo lianzie bustanini. Nchini Tanzania, Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 iliyapa mashamba nafasi kubwa katika maisha ya shule. Si haki kuyafanya mahali pa jasho tu, au pabaya zaidi, pa adhabu. Wachukue wanafunzi wa darasa la tano, wapalilie tuta moja la mchicha, nao wavitaje vitendo vyao: kutifua, kung'oa, kupunguza miche. Wakirudi darasani, waulize: katika 'kupalilia urafiki', magugu ni nini, na udongo ni nini? Wakijibu kwa mifano ya maisha yao wenyewe, wameielewa sitiari. Wakikariri tu kwamba sitiari ni tamathali ya usemi, somo halijaisha.

Na mwanachuo aliyeandika sentensi ile tuliyoitaja aifute, kisha aandike hivi: 'Mwalimu atasahihisha makosa ya kutoa, na atapalilia ufahamu wa thamani ya nafasi.' Hapo mkaguzi atajua kinachong'olewa na kinachostawishwa; na mwalimu mwenyewe, atakaposimama mbele ya watoto, atajua pia.