Tanga likishaanuliwa, mtoto amebaki na nani?



Katika misiba mingi niliyohudhuria hapa Bariadi na wilaya jirani za Itilima na Maswa, suala la watoto wa marehemu huamuliwa siku ya tatu, pale pale mkekani, na huamuliwa upesi. Wazee wa ukoo hukaa kikao, na kabla jua halijazama kila mtoto amekwisha kupata mlezi: mkubwa kwa baba mkubwa, wa pili kwa shangazi yake Mwanza, kitinda mimba kwa bibi. Nia ni njema, na ukoo unaokubali kubeba mzigo huu unastahili kuombewa dua. Lakini tuitazame hesabu hiyo kwa jicho la mtoto. Aliyempoteza mama yake Jumatatu, Alhamisi amewapoteza na ndugu zake, kitanda chake, na jirani aliyekuwa akimwita kwa jina la utani.

Wapo waliolitafiti jambo hili kwa kina, na sehemu muhimu ya utafiti huo ilifanyika jirani kabisa na sisi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth, mzaliwa wa Marekani aliyekulia Kanada, aliwasili Kampala pamoja na mumewe. Alitokea London, alikokuwa akifanya kazi na daktari John Bowlby, mtu aliyeshughulishwa mno na hali ya watoto waliotenganishwa na mama zao. Wakati ule wataalamu wengi walishika kwamba mtoto humng'ang'ania mama kwa sababu ndiye anayemlisha, basi. Bowlby alikuwa na shaka na rai hiyo, akisema kwamba mfungamano wa mtoto na mlezi wake ni haja ya maumbile inayojitegemea. Ainsworth mwenyewe alikuwa bado hajaridhika na hoja za mwenzake.

Alichagua familia 26 katika vijiji vya kando ya Kampala, akawa anazitembelea kila baada ya wiki mbili akiwa na mkalimani, saa mbili kila safari, kwa muda uliofikia miezi tisa. Alikusudia kuchunguza desturi ya zamani ya Waganda ya kumpeleka mtoto kwa jamaa anapoachishwa ziwa ili alisahau. Alipofika akakuta wengi wamekwisha kuiacha desturi hiyo. Wengine wangefunga daftari. Yeye aliketi akatazama: mtoto anamlilia nani, mama akiinuka anamfuata nani kwa kutambaa, akishtuka anakimbilia wapi. Aliona kwamba mtoto mwenye utulivu humfanya mama kuwa kituo chake. Hutoka kwenda kuchungulia dunia, kisha hurejea kuhakikisha kwamba kituo kipo. Akaona pia kwamba mama walioweza kumsimulia mambo madogo madogo ya watoto wao bila kudodoswa ndio waliokuwa, kwa kawaida, na watoto watulivu. Kitabu chake kuhusu watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967, na elimu hiyo leo husomeshwa kwa washauri nasaha ulimwenguni kote. Ni haki yetu kujua kwamba sehemu ya chimbuko lake ni nyumba za akina mama wa Kiganda.

Wala sisi si wageni wa maana hii. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiifupisha swala asikiapo kilio cha mtoto, kwa kuchelea mashaka ya mama yake.

Sasa, mfungamano ule ukikatwa na mauti, mtoto hupatwa na kiwewe, nacho hujitokeza kwa sura ambazo watu wazima huziita utundu. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowahusu watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, wenye umri wa miaka 7 hadi 13, wa Moshi hapa nchini na Bungoma, Kenya. Walioendesha tiba walikuwa watu wa kawaida ambao hawakuwa wataalamu wa afya ya akili, wakafundishwa na kusimamiwa. Watoto walikutana kwa makundi na walezi pia walikutana. Kisha kila mtoto alipata vikao vyake vya faragha vya kusimulia kifo cha mzazi wake, lile ambalo nyumbani halitajwi. Tiba ilipokwisha, dalili za kiwewe zilikuwa zimepungua zaidi kwa waliotibiwa hivyo katika maeneo matatu kati ya manne. Baada ya mwaka, nafuu hiyo ya ziada ilibaki Bungoma. Moshi watoto wa pande zote mbili walikuwa wamelingana. Kwa hiyo nisiisifu tiba hiyo kupita kiasi. Ninachokitazama ni kwamba mlezi hakuachwa nje ya mlango.

Mama mmoja mlezi alikuja kwenye kamati yetu akilalamikia mtoto wa marehemu dada yake: kikojozi, mkaidi, anaficha chakula chini ya godoro. Majirani walimwambia ni jini, naye akataka asomewe. Kusomewa hakuna ubaya. Tulimuuliza kwanza kama amewahi kuzungumza na mtoto habari za mama yake. Akasema ukoo ulikubaliana jina lile lisitajwe, mtoto asije akalia. Alipoanza kulitaja, mtoto aliuliza kama mama aliugua kwa sababu yeye hakuchota maji siku ile. Miezi yote hiyo alikuwa akilala na swali hilo. Kukojoa hakukukoma mara moja, ila kiboko kimewekwa kando.

Rai yangu kwa wazee wa koo ni kwamba kikao cha siku ya tatu kiamue matumizi na ada za shule, na kuhama kwa watoto kusubiri. Akifariki baba, wakae na mama yao aliye edani. Akifariki mama, jamaa mmoja ahamie kwao kwa muda. Ikilazimu kuhama, ndugu wasitenganishwe. Na ile desturi ya kuwasimamisha mayatima mbele ya hadhara ya Maulidi ili wapokee bahasha huku wakipigwa picha, mimi siipendi. Bahasha hufika hata ikipelekwa nyumbani usiku.

Mtoto anayepigwa au kudhulumiwa, taarifa itolewe kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au kwa simu namba 116 ya huduma kwa mtoto, ambayo hupigwa bila malipo. Mlezi anayetaka kuzungumza tu, sisi hukaa ofisini msikitini kila siku baada ya alasiri.