Koilova si Pambo: Acheni Kulaza Magari

Chagua mtaa wowote wa Westlands wenye tuta, usimame Ijumaa usiku utazame. Vitz inapita. Probox iliyobeba magunia ya viazi inapita. Kisha inakuja Impreza, rimu za inchi 18, ekzosi inanguruma hadi madirisha yanatetemeka. Ikifika kwenye tuta inasimama kabisa, inakata usukani na kuvuka kimshazari kama kaa, na bado tumbo linakwaruza. Nyuma yake foleni nzima inapiga honi. Mwenyewe hana habari. Ameweka koilova, na ukimuuliza atakuambia gari sasa "linashika barabara".

Jamani, gari linaloshindwa na tuta ambalo Probox imelivuka na viazi limeshika nini?

Leo nitasema wazi, na mwenye kununa anune: wengi walioweka koilova katika jiji hili wamelipa zaidi ya shilingi laki moja kuharibu gari lililotoka kiwandani likiwa zima. Kosa si la koilova. Kosa ni kuigeuza pambo kitu ambacho ni chombo cha kupimia na kurekebishia.

Tuanze na msingi kwa wale wageni. Gari lako lina springi na shokapu, au shoksi kama wanavyosema mafundi wa Kirinyaga Road. Springi hubeba uzito wa gari. Shokapu huzuia springi isiendelee kudunda. Koilova ni springi na shokapu vilivyofungwa pamoja kama kitu kimoja, vikiwa na nyuzi za skrubu mwilini ili uweze kupandisha au kushusha gari, na mara nyingi kitufe cha kuzungusha ili kuongeza au kupunguza ukali wa shokapu. Ni hayo tu, hakuna uchawi.

Sasa hesabu. Msiogope, ni ya darasa la sita.

Tuseme kona moja ya mbele ya gari inabeba kilo 350, na springi ya kiwandani ina ugumu wa kilo 3 kwa milimita. Gawanya 350 kwa 3. Springi imelala takriban milimita 117 kwa uzito wa gari peke yake. Maana yake gurudumu likikuta shimo lina kama sentimita 11 za kushuka kufuata barabara. Sasa weka koilova yenye springi ya kilo 8 kwa milimita, ugumu ambao si ajabu kuukuta kwenye seti zilizoundwa kwa kufikiria viwanja laini vya mashindano. Gawanya 350 kwa 8: milimita 44. Basi! Barabara ikididimia zaidi ya hapo, gurudumu linaning'inia hewani. Na tairi iliyo hewani haifungi breki, haikati kona, haifanyi lolote.

Hiyo ni safari ya kwenda chini. Ya kwenda juu ni mbaya zaidi kwa waliolaza gari. Kwenye koilova nyingi za bei nafuu, kushusha gari ni kushusha kikalio cha springi. Kila sentimita unayoshusha umeikata kutoka kwenye nafasi ya shokapu kuingia ndani. Shusha sentimita 6 na unakuwa unaendesha ukiwa umekalia ile raba ya mwisho inayozuia chuma kisigonge chuma. Ugumu unaousikia, ule unaosifia eti ni "spoti", ni wa raba hiyo. Umenunua mtambo wa laki moja ukaishia kukalia raba.

Kuna jambo la tatu ambalo wauzaji hawalitaji. Magari mengi tunayocheza nayo hapa, Impreza ikiwemo, yana mtindo wa MacPherson mbele. Ule mkono wa chini unaoshika gurudumu ulipangwa ukae karibu usawa, au uinamie kidogo upande wa gurudumu. Ukilaza gari sana, mkono unageuka na kuelekea juu. Hapo kile kitovu ambacho gari hulalia likiwa kwenye kona kinashuka haraka kuliko uzito wa gari wenyewe ulivyoshuka. Matokeo yake ni kichekesho: nguvu inayolaza bodi kwenye kona inaongezeka, ndiyo maana unalazimika kuweka springi ngumu zaidi kutibu ugonjwa uliojiletea. Juu ya hayo, fimbo za usukani nazo zimebadilika pembe, kwa hiyo kila bonde dogo linavuta usukani kidogo bila wewe kuugusa. Fikiria hilo ukiwa Waiyaki Way, mvua ya Aprili, basi kulia kwako na bodaboda kushoto.

Najua jibu: "Lakini Subaru ni gari la rally!" Vizuri sana, twende huko huko.

Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally hapa Kenya akiendesha Impreza. Tafuta picha za gari lile. Liko juu! Lina ngao ya vyuma mbele na bomba la kuvutia hewa limepandishwa kwa ajili ya maji. Safari Rally ilipotoka kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya 2002, kisha ikarudi 2021 ikiwa na makao Naivasha, magari yalirudi yakiwa vilevile, yameinuliwa na magurudumu yakiwa na nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Wahandisi wenye pesa kuliko sisi sote, wakija kwenye barabara zetu, wanachagua kimo na safari ndefu ya springi. Sisi tunapaka gari rangi ya buluu, tunaweka rimu za dhahabu kama za McRae, halafu tunalilaza chini kama zulia. Tumeiga kila kitu isipokuwa kile kilichoshinda.

Wengine watasema siku hizi kuna Expressway. Ni kweli, tangu 2022 tuna kilomita 27 za lami nzuri kutoka Mlolongo hadi Westlands. Lakini hakuna anayeishi juu ya Expressway. Unashuka, na ukishuka unakutana na matuta, mifuniko ya mitaro iliyozama, na vile vituta vidogo vilivyopangana mfululizo. Gari hurekebishwa kwa barabara unayopita kila siku.

Sasa tuvunje uongo mbili ninazozisikia kila mara.

Uongo wa kwanza: "Kaza springi iwe ngumu." Kukaza ile ringi ya chini hakubadilishi ugumu wa springi ya kawaida. Springi ya kilo 8 kwa milimita itabaki ya kilo 8 hata uikaze hadi mikono iote malengelenge. Unachopandisha ni kimo, huku ukipunguza ile nafasi ya gurudumu kushuka. Ukitaka springi ngumu au laini zaidi, nunua springi nyingine.

Uongo wa pili: "Hii ina mibofyo 30, ni bora." Bora kwa nini? Kwenye shokapu nyingi za kitufe kimoja, kuzungusha kitufe hubadilisha zaidi ule upande wa springi kurudi juu, na kidogo upande wa kuingia ndani. Mibofyo 30 isiyobadilisha kitu cha maana ni kama programu yenye vitufe 30 vinavyofungua dirisha lile lile. Kila aliyewahi kuandika programu anajua: mipangilio mingi si ubora. Swali ni kama kila hatua inaleta tofauti unayoweza kuipima, na kama shokapu ya kushoto na ya kulia zinafanana.

Na wale wa "ni gari langu, ni pesa zangu"? Sawa kabisa. Kama unapenda gari likae chini kwa sababu linapendeza, sema hivyo na sitakugombeza. Uzuri nao una thamani yake. Nina masharti mawili tu. Usimuuzie kijana wa chuo koilova yako ya zamani ukimwambia itamfanya akate kona vizuri. Na usisahau kwamba siku tairi yako itakapokuwa hewani, anayevuka barabara mbele yako hakuchagua urembo wako.

Haya, kulalamika bila dawa ni umbea. Mwenye nia ya kweli afanye hivi:

1. Anza na vilivyochakaa. Tairi nzuri, upepo sahihi, bushi mpya, mauntingi mpya. Gari la miaka kumi lenye bushi zilizokufa litayumba hata ukiliwekea koilova za dhahabu. Wengi mkifika hapa mtagundua hamhitaji kwenda namba mbili. Okoeni pesa zenu.

2. Uliza ugumu wa springi kabla ya rangi. Kwa gari la mfano wetu, kilo 4 hadi 5 kwa milimita mbele zinatosha kwa mitaa ya Nairobi. Muuzaji akishindwa kukuambia namba hiyo, ondoka. Na hakikisha shokapu imetengenezwa kwa ajili ya springi hiyo. Kubadilisha moja bila nyingine ni kuvaa kiatu cha mtu mwingine.

3. Chagua ile inayorekebisha kimo kwa kuzungusha mwili wa chini, ukiweza. Hiyo hushusha gari bila kula nafasi ya shokapu kuingia ndani. Hata hivyo, pembe za mikono zitabadilika, kwa hiyo usizidishe. Sentimita 2 chini ya kimo cha kiwandani zinatosha kabisa.

4. Pima kimo kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu yake. Ukipima kutoka ardhini, upepo wa tairi utakudanganya.

5. Funga kamba ndogo ya plastiki kwenye fimbo ya shokapu, pale inapofikika. Endesha njia yako ya kila siku, kisha urudi uangalie kamba imesukumwa hadi wapi. Ikigonga raba ya mwisho kila siku, pandisha gari au weka springi ngumu kidogo. Hiki kipimo kinagharimu shilingi chache na kinashinda maoni ya rafiki zako wote.

6. Kitufe cha ukali: funga hadi mwisho, hesabu mibofyo ukirudisha hadi katikati, anzia hapo. Badilisha mibofyo miwili kwa wakati, mbele au nyuma, kamwe si vyote pamoja. Barabara ile ile, mwendo ule ule, andika kwenye daftari. Bodi ikidunda mara mbili tatu baada ya tuta, ongeza ukali. Kwenye vile vituta vya mfululizo, ukihisi gari linazidi kuzama na kuwa gumu, punguza, kwa sababu springi haipati muda wa kurudi kabla ya kituta kinachofuata.

7. Baada ya kila badiliko la kimo, peleka gari likapimwe alaimenti. Na baada ya kilomita mia chache, kagua ringi zote kama zimelegea.

Hakuna hatua hata moja hapo inayohitaji kipaji. Zinahitaji subira na daftari. Mafundi wetu wengi wanaweza kuzifanya vizuri sana, ila mteja anakuja, anasema "nilazie", na fundi ana watoto wa kulisha. Kwa hiyo msimlaumu fundi. Ukienda wiki ijayo mwambie "nipimie" badala ya "nilazie", uone atakavyokutazama. Huenda ikawa ndiyo mara ya kwanza mwaka huu mtu amemwomba afanye kazi aliyosomea.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Walimaanisha mtu. Gari liacheni lisimame.

Haya, kwa leo niishie hapo. Wenye hasira, leteni hoja. Ila mje na namba za springi zenu.