Je, Mkoba wa Mtumba ni Anasa?

Wengi wenu mlikuwapo ukumbini muhula uliopita siku ya mdahalo uliosema kwamba mkoba wa jina kubwa ulionunuliwa kwa bei nafuu si anasa ya kweli. Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza wa upande uliounga mkono hoja, na upande wetu ulishinda. Leo namwomba Mhariri nafasi niseme kwamba tulishinda isivyo haki, na mwenye makosa zaidi ni mimi.

Si yote tuliyosema yalikuwa ya kupuuzwa. Niliwaeleza habari za mkoba uitwao Birkin, wa kampuni ya Hermès ya Ufaransa, iliyoanza mwaka 1837 kwa kutengeneza matandiko ya farasi. Ule wa kwanza kabisa ulishonwa kwa ajili ya Jane Birkin, mwigizaji na mwimbaji, naye aliutumia mpaka ukachakaa. Julai 2025 uliuzwa kwa mnada mjini Paris kwa euro milioni 8.6. Ukumbi mzima uliguna. Nikasema hiyo ndiyo anasa, yaani kitu ambacho watu wachache mno duniani wanaweza kukipata. Lakini mkoba wa Coach au wa Michael Kors, ambao huko Marekani huuzwa kwa dola mia na kitu wakati wa punguzo, na wenzake wa sura ile ile wamejaa kwenye rafu, huo ni mkoba tu wenye jina.

Hata mahakama nilidhani iko upande wangu. Mwaka 2023 kampuni ya Tapestry, yenye Coach na Kate Spade, ilitaka kuinunua kampuni ya Capri, yenye Michael Kors, kwa dola bilioni 8.5. Serikali ya Marekani ilipinga, ikisema kwamba majina hayo matatu yanashindana, na yakiwa chini ya tajiri mmoja bei itapanda. Oktoba 2024 jaji mmoja wa New York alikubali kwamba ipo mikoba ya daraja la kati, ya anasa inayofikika, ambayo si ile ya rahisi wala si ile ya matajiri, akazuia ununuzi ule. Mwezi uliofuata kampuni zikaachana. Nikapaza sauti: mmesikia, hata jaji ameitoa katika anasa ya kweli! Sikuwaambia kwamba serikali ilikwenda mahakamani kumlinda mtu wa mshahara mdogo, ambaye mkoba kama huo ni jambo kubwa kwake.

Sasa nieleze kilichonigeuza.

Mama yangu ni fundi cherehani. Nyumbani kwetu ni Upanga, na kibanda chake cha kushonea kiko Kariakoo, hivyo wakati wa likizo hufuatana naye kwa miguu mpaka Faya, kisha tukashika Mtaa wa Msimbazi. Anayeujua Mtaa wa Kongo anajua jinsi mikoba inavyotandazwa pale, herufi za majina makubwa zikimeremeta juani, nyingine hata tahajia zimekosewa. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza kuuza vitu vya kughushi, na Tume ya Ushindani huvikamata, lakini barabarani neno "feki" halimkasirishi muuzaji. Atakuuliza unataka feki ya bei gani.

Mama hanunui huko. Mkoba wake aliupata mwaka jana kwenye mitumba ya Mchikichini, nami nilikuwapo. Aliuvuta kutoka chini ya rundo, akaugeuza ndani kuwa nje, akapitisha ukucha juu ya mshono, akavuta mkanda kwa nguvu, akanusa ngozi. Muuzaji akaanza kusifu: "Mama, hiyo orijino kabisa, Coach hiyo!" Mama akamjibu, "Mwanangu, mimi sisomi jina, nasoma uzi." Walianzia shilingi 50,000 wakamalizia 35,000. Alipofika nyumbani aliufuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, akaufunga ndani ya kanga.

Siku ya wazazi alikuja nao shuleni. Mwenzangu mmoja akauliza kama ni orijino, nami nikacheka, nikasema, "Wa mtumba huo." Mama alisikia. Hakusema neno, aliutoa tu begani akauweka chini ya kiti. Tangu siku hiyo sijamwona nao. Wiki mbili baadaye ulikuja mdahalo, na mimi nikasema kwa ukali kuliko ilivyohitajika. Nadhani sababu mnaiona.

Baadaye nilisoma habari za Unguja ya zamani. Watumwa walivaa merikani, nguo isiyotiwa rangi, na kaniki nyeusi. Mwaka 1897 utumwa uliondolewa katika sheria, na miaka iliyofuata wanawake waliokuwa watumwa wakanunua kanga za rangi. Kanga zile hazikuwa hariri. Zilipigwa chapa viwandani ng'ambo, maelfu kwa maelfu. Kwa hesabu yangu ya ukumbini zisingekuwa anasa hata kidogo. Lakini nani angethubutu kumwambia hivyo mwanamke yule, siku aliyojifunga kanga ya kwanza aliyoichagua mwenyewe? Hata jina lilikuwamo: kule Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak lilichapa juu ya kanga zake alama ya "Mali ya Abdulla", na mpaka leo wako akina mama wanaoitafuta alama hiyo kabla ya kutoa fedha.

Naona kosa letu lilikuwa kupima anasa kwa wingi wa watu waliokikosa kitu, kana kwamba raha ya mmoja haiwi raha mpaka jirani ainyimwe. Mimi sasa natazama mtu mwenyewe: je, alikichagua kwa hiari, na uzuri wake anaujua? Mama ameshona nguo za watu miaka yote niliyomjua, na sare zangu zimo. Mkoba ule ndio kitu pekee nilichomwona akinunua bila kuwapo mtu nyumbani aliyekihitaji. Kwake ni anasa kamili. Anayenunua mkoba huo huo mpya dukani, kwa fedha ya kukopa, ili herufi tu zionekane, sijui amepata nini zaidi ya deni.

Mtu atasema, basi hata feki ni anasa, mradi mnunuzi amefurahi. La, hasha. Mshono wa feki hufumuka kabla muhula haujaisha, na hapo nakubaliana na sheria ya 1963. Tena yuko atakayesema kwamba mitumba inawanyima kazi mafundi wetu, na Mama mwenyewe husema imempunguzia wateja. Ni kweli, wala sina jibu la hilo.

Mkoba uko nyuma ya mlango wa chumba chake, Upanga, umefungwa katika ile kanga. Nimemwandikia barua nikimwomba aje nao siku ya mahafali yetu. Amejibu kwamba atakuja. Habari za mkoba hakuzitaja. Ameniuliza tu kama soksi zangu nyeupe bado nzima.