Vimmerby isimulie pia kwa nini Astrid aliondoka

Vimmerby ni mji mdogo wa kusini mwa Sweden, una wakazi karibu 8,000, lakini kila kiangazi hufurika watoto. Wanakuja kwa ajili ya Astrid Lindgren, mtunzi wa Pippi Långstrump, aliyezaliwa pembeni mwa mji huo, kwenye shamba la Näs, tarehe 14 Novemba 1907.

Namna mji unavyomuenzi inastahili sifa. Sanamu ipo, katika uwanja mkuu, lakini kazi kubwa inafanyika kwingine. Mwaka 1981 familia tatu za hapo hapo zilijenga Katthult, shamba la Emil, mtundu wa vitabu vyake, kwa kipimo cha theluthi ya nyumba halisi, watoto wapate pa kuchezea. Leo pamekua bustani kubwa ambako waigizaji huvaa uhusika wa Pippi, Emil na Ronja, na watoto huingia nyumbani kwa Pippi wakacheza watakavyo. Mwandishi wa watoto hana heshima inayozidi hiyo. Miji mingi hukata utepe, ikasikiliza hotuba, kisha vitabu vikaachwa vioze kabatini.

Hata hivyo, kuna sura ya maisha yake ambayo haifai kupitwa juu juu.

Mwaka 1926 Astrid alikuwa mwanagenzi katika gazeti la mji, Vimmerby Tidning. Akiwa na miaka 18 alipata mimba ya mhariri wake, mtu mzima mwenye mke na watoto. Maneno ya watu yakamwandama, akakimbilia Stockholm. Desemba mwaka huo alijifungulia Copenhagen, kwa kuwa hospitali ya huko haikumlazimu mama kumtaja baba. Mtoto, Lars, akabaki kwa mama mlezi kwa takriban miaka mitatu, na Astrid, karani wa mshahara mdogo, akawa anapanda treni kwenda kumwona kila alipopata nauli.

Ni vigumu kuvisoma vitabu vyake bila kuliona jeraha hilo. Pippi, aliyetoka kitabuni mwaka 1945, anaishi peke yake: mama amefariki, baba amepotelea baharini. Rasmus, mhusika wake mwingine, ni yatima anayetoroka kituo cha kulelea watoto. Na mwaka 1978, akipokea tuzo Frankfurt, Lindgren alitumia hotuba yake kupinga watoto kuchapwa. Mwaka uliofuata Sweden ikawa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku adhabu hiyo, hata nyumbani.

Kwa hiyo habari ya msichana aliyesemwa hadi akauhama mji wake isimuliwe kwa sauti ile ile inayomsimulia Pippi, tena mbele ya watoto. Wataielewa. Lindgren mwenyewe, katika kitabu chake cha 1973 kuhusu ndugu wawili wa Lionheart, alizungumza nao juu ya kifo bila kuwaficha kitu.