Gari lililokufa chini ya mwarobaini: barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam

Mheshimiwa,

YAH: MOSHI WA MAGARI NA MAGARI YALIYOTELEKEZWA MITAANI

Nakuandikia kutoka Tabata. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu jambo hili halinihusu mimi peke yangu, na nimekuchagua wewe kwa sababu mkoa huu una halmashauri tano, yaani Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, na ni wewe unayeweza kuwaita wakurugenzi wote watano wakakaa meza moja.

Mtaani kwetu, chini ya mwarobaini, kuna gari dogo lililokufa. Siku lilipoegeshwa lilikuwa na matairi yote manne. Leo limekalia matofali. Taa zimeng'olewa, kioo cha nyuma hakipo, na vibao vya namba vilitoweka usiku bila mtu kuona. Watoto wanaingia kwa mlango wa dereva na kutokea dirishani, na mabati yake yamekwisha kuliwa na kutu kiasi cha kukata mkono. Masika ya mwaka huu yalipokatika nilifungua buti nikachungulia. Kwenye shimo la tairi la akiba palikuwa na maji, na ndani yake viluwiluwi walikuwa wakipanda na kushuka, wengi hata huwezi kuwahesabu.

Unaijua dengue, Mheshimiwa. Jiji hili liliugua 2014, likaugua tena 2019. Mbu wake hahitaji bwawa, maji yaliyotuama kwenye kifuu cha nazi yanamtosha kutagia, na anauma mchana watu wakiwa kazini na watoto wakiwa shuleni. Tulipohimizwa kufukia madimbwi na kutupa makopo na matairi mabovu, tulifanya. Gari la mtu hatuwezi kulitupa.

Nilikwenda kutoa taarifa. Ofisi ya kwanza waliniomba namba ya gari, nikawaeleza kwamba vibao vimeibwa. Ya pili wakasema kama gari limeegeshwa kando ya barabara basi nionane na wanaohusika na barabara. Ya tatu wakaniuliza kama limesababisha ajali au limetumika kwenye uhalifu, nikajibu hapana, wakasema hakuna kesi. Sitaitaja hata ofisi moja, kwa kuwa kote nilipokelewa vizuri na kukaribishwa kiti. Nilichokosa ni fomu. Hapakuwa na daftari la kuandika taarifa yangu wala mtu aliyepewa kazi ya kuishughulikia, na nilirudi nyumbani bila hata karatasi ya kuonyesha kwamba nilifika.

Gari hilo nalijua tangu likiwa hai. Miezi yake ya mwisho lilikuwa likitoa moshi wa bluu, na fundi yeyote atakwambia maana yake: ringi za pistoni zimechoka, injini inakula oili. Mwenye gari akawa anaongeza oili badala ya kufungua injini, kwa sababu kufungua injini kulikuwa ghali kuliko thamani ya gari lenyewe. Simlaumu. Lakini katika muda wote ule lilipokuwa likitufukizia moshi, hakuna mahali lilipopitishwa kwenye kipimo, na lilipozimika moja kwa moja hakukuwa na utaratibu wa kuliondoa. Ndiyo maana nayaandika mambo haya mawili kwenye barua moja.

Ukaguzi tuliouzoea ni wa macho. Taa, breki, matairi, wipa, kisha stika ya Nenda kwa Usalama inabandikwa kwenye kioo. Una faida yake, na umeokoa maisha. Ila moshi haupimwi kwa macho. Lori la dizeli lenye nozeli mbovu au kichujio cha hewa kilichoziba litaonekana, kwa kuwa linatoa wingu jeusi la mafuta ambayo hayakuungua vizuri. Kwetu lori la namna hiyo linapopanda kilima, mama anayeuza maandazi kwenye kona analifunika beseni lake kwa kanga na kugeuza uso ukutani mpaka lipite. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza mwaka 2012 kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani kwa binadamu. Yule mama anauvuta tangu alfajiri.

Gari la petroli ndilo linalodanganya macho. Chini yake, kwenye bomba la moshi, huwa na masega, kifaa chenye vitundu kama sega la nyuki kinachogeuza gesi yenye sumu kabla haijatoka nje. Ndani ya masega mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei kubwa, na kwa hiyo biashara ya kuyanunua imeshamiri. Fundi anakwambia gari litakuwa jepesi, anayakata, anachomelea bomba tupu, nawe unaondoka na fedha mfukoni. Mengine yanaibwa usiku. Gari lililokatwa masega halitoi wingu lolote. Linatoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na askari aliyesimama nyuma yake hana jinsi ya kuitambua bila mashine.

Inaniuma zaidi kwa sababu upande wa mafuta nchi hii imekwisha kufanya kazi kubwa. Risasi, ambayo huharibu masega, iliondolewa kwenye petroli kote kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006. Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zikashusha kiberiti kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Tunaagiza mafuta safi, kisha tunayachoma kwenye magari yaliyokatwa masega.

Sheria si kwamba hatuna. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na inataka kila halmashauri iwe na afisa wa mazingira. Kanuni za ubora wa hewa zipo tangu 2007. Kinachokosekana ni siku moja katika mwaka ambayo mwenye gari binafsi analazimika kulipeleka gari lake mbele ya mtu mwenye kipimo. Zamani tulikuwa na ada ya mwaka ya leseni ya gari. Ilifutwa katika bajeti ya 2017/18 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, na wengi tulishukuru, mimi nikiwamo, kwani madeni yake yalikuwa yakiwatesa watu hata kwa magari yaliyokufa zamani. Lakini ilipoondoka, iliondoka na ile nafasi ya kuonana na mwenye gari kila mwaka. Imebaki bima. Kila gari lazima likatiwe bima, na bima inaisha kila mwaka. Naomba ulipeleke wazo hili kwa wenye mamlaka: asiye na cheti cha kipimo cha moshi asikatiwe bima. Mabasi, daladala na malori, ambayo Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) inayapa leseni, yaanze, kwa sababu ndiyo yanayoshinda barabarani kutwa.

Kuhusu magari yaliyotelekezwa, sioni haja ya kusubiri Dodoma. Halmashauri zina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Naomba zote tano zitunge moja inayofanana, ili gari lisisukumwe usiku kutoka Ubungo kuja kwetu. Mtendaji wa mtaa apokee taarifa hata kama gari halina vibao, kwa kuwa namba ya chesi imegongwa kwenye chuma na haiibwi kirahisi, na ampe mwananchi namba ya kumbukumbu. Gari libandikwe notisi yenye tarehe. Mwenye nalo akijitokeza na shida ya kweli, mgogoro wa mirathi au deni la gereji, asikilizwe na apewe muda. Asipojitokeza, livutwe na liuzwe kwa mnada, na fedha ilipe gharama za kulivuta.

Mheshimiwa, Tabata ina historia na moshi. Mwaka 1988 wakazi wa hapa waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya dampo lililokuwa likiungua katikati ya makazi yao. Mahakama Kuu iliwapa ushindi, na Jaji Lugakingira akaona kwamba kuwafukizia watu moshi wa namna ile ni kuingilia haki yao ya kuishi, iliyo katika ibara ya 14 ya Katiba. Dampo likaondoka. Wazee waliokuwa kwenye kesi ile walilazimika kwenda mahakamani ili wasikilizwe. Sisi tunaomba tusikilizwe kwa barua.

Vuli inakaribia na lile shimo la tairi la akiba litajaa tena. Tafadhali waite wakurugenzi kabla ya mvua.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Tabata