Mazungumzo ya Nyumbani: Baisikeli Moja, Wapandaji Wawili

Mvua zimekatika, pamba imekwisha kuvunwa, na ule udongo mweusi wa mbugani, uliokuwa ukinata magurudumuni hata baisikeli ikabebwa begani na mwenyewe, sasa umekauka. Huu ndio wakati ambao safari za baisikeli huwa nyepesi katika Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Basi mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi habari za kupanda baisikeli kwa kundi, na habari za kukiweka kiti na usukani vimfae yeye apandaye.

Huenda mtu akauliza, “Je, watu wa Usukuma wahitaji kufundishwa baisikeli?” Swali hilo ni la haki. Kwetu baisikeli ni chombo cha nyumbani kama jembe lilivyo. Hubeba pamba, maji, kuni na mgonjwa. Na huko Shinyanga huchukua abiria kwa nauli, watu wakaiita daladala. Hata mashindano ya baisikeli yapendwa sana katika Kanda ya Ziwa, ya wanaume na ya wanawake. Walakini kujua kupanda si kujua kupanda pamoja. Na kuwa na baisikeli si kuwa na baisikeli inayokufaa. Sisi tuliyafahamu haya baada ya kukosea, wala hatuoni aibu kuwasimulia kosa letu, ili lisiwe lenu.

Mwaka uliopita tulikuwa watu 8 wa mtaa mmoja hapa mjini Bariadi, tukapatana kwamba kila Jumamosi jioni tutapanda pamoja katika barabara ya lami iendayo Lamadi. Barabara hiyo yote ni yapata kilometa 70, lakini sisi tulikwenda sehemu ndogo tu, kisha tukarudi. Miongoni mwetu alikuwamo mama mmoja mtu mzima, ambaye sote twamwita mayu kwa heshima. Binti yake ameolewa Dutwa, naye alikuwa mja mzito. Nauli za kwenda na kurudi zilimlemea mayu, naye alitaka kuzoea mwendo mrefu, ili mtoto atakapozaliwa aweze kwenda kumwona kwa nguvu zake mwenyewe. Baisikeli aliyoipanda ilikuwa ya mumewe, mtu mrefu sana.

Jumamosi ya kwanza alibaki nyuma. Ya pili alibaki tena, akasema nyonga zamwuma. Tukanong’onezana, “Mayu ni mzito, afadhali angekaa nyumbani.” Jumamosi ya tatu tulikwenda mbele kwa mwendo wetu tuliouzoea, wala hatukugeuka. Tukasimama chini ya mti kumngoja, asije. Giza lilikuwa likiingia tuliporudi, tukamkuta ameketi kando ya barabara, baisikeli imo mtaroni, kifundo cha mkono kimevimba. Lori lilikuwa limempita karibu mno. Alitaka kusimama, mguu usifike chini upesi, akaanguka.

Tukamwambia, “Pole, mayu.” Naye akajibu kwa upole, “Nilikuwa nikiwaita, wala hakuna aliyegeuka. Sikuchoka, wanangu. Miguu haifiki.”

Neno lile lilituchoma. Siku ya pili yake tukampelekea baisikeli ile fundi mmoja mzee, atengenezaye baisikeli chini ya mwarobaini. Hakuuliza mengi. Akamwambia mayu apande, nasi tukaishika baisikeli isianguke, akamtazama kwa nyuma alipokuwa akizungusha pedeli kinyumenyume. Kila mguu uliposhuka, nyonga nayo iliteremka upande ule ili kuufuata. Fundi akasema, “Kiti hiki ni cha mzee wake.” Akachukua spana, akakishusha kwa upana wa vidole vitatu, akamtazama tena, akaridhika. Kisha akachukua rangi, akapiga alama mbili katika chuma cha kiti: moja ya baba, na moja ya mama. Kazi yote haikuzidi nusu saa. Sisi tuliilaumu miguu ya mayu kwa majuma matatu, na kosa lilikuwa katika bolti moja.

Basi sasa twawaeleza yale tuliyojifunza, moja baada ya moja.

Kwanza, ukubwa wa fremu. Baisikeli nyingi za mizigo zilizo kwetu, kama Phoenix ya China, zina magurudumu ya inchi 28, na fremu zake ni ndefu. Ikiwa fremu ina bomba la juu, simama ukiwa umelitia kati ya miguu, nyayo zote mbili chini. Lazima pabaki nafasi ya vidole viwili au zaidi kati ya mwili na bomba. Ikiwa bomba lakugusa, baisikeli hiyo ni kubwa mno kwako, wala kushusha kiti hakutaponya ubaya huo. Tafuta fremu fupi zaidi, au ile isiyo na bomba la juu, ambayo pia humfaa avaaye kitenge.

Pili, kimo cha kiti. Keti juu ya kiti, mwenzako akikushikia baisikeli, uweke kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyooka, wala nyonga isiinamie upande. Kisha sogeza mguu nyuma, ili pedeli ikanyagwe kwa ile sehemu pana iliyo nyuma ya vidole; hapo goti litakunjika kidogo, na ndivyo ipasavyo. Apendaye kupima kwa kamba ya fundi cherehani na afanye hivi: asimame ukutani bila viatu, abane kitabu katikati ya mapaja mpaka juu kabisa, apime toka sakafuni hata ukingo wa juu wa kitabu. Mwaka 1967 wataalamu wawili wa Uingereza, Hamley na Thomas, walionyesha kwamba umbali toka juu ya kiti hata pedeli iliyo chini wafaa uwe mara 1.09 ya kipimo hicho. Kwa mfano, aliyepata sentimeta 80 na aweke 87. Walakini kipimo hicho ni mwanzo tu. Mwili wenyewe ndio utakaotoa hukumu.

Hapa wengi hukosea. Hudhani kwamba kiti kizuri ni kile kinachomwezesha mtu kukanyaga chini kwa nyayo zote mbili naye ameketi. Sivyo. Kiti kilicho sawa humfanya mtu ateremke mbele ya kiti anaposimama. Mwanafunzi aweza kuanza na kiti kilichoshushwa kidogo, hata atakapozoea kusimama na kuondoka. Kisha akipandishe polepole. Anayekipandisha aangalie pia kwamba chuma cha kiti kimebaki ndani ya fremu kwa upana wa vidole vinne angalau, au kama alama ya kiwandani isemavyo. Kikitoka zaidi, chaweza kuvunjika.

Tatu, kiti kilale sawa kama sahani mezani. Kikiinuka mbele, humwumiza mpandaji. Kikiinama mbele, humsukuma akaegemea mikono. Tena chaweza kusogezwa mbele au nyuma. Weka pedeli zote mbili katika kimo kimoja, moja mbele na moja nyuma, kisha uteremshe uzi wenye nati toka mbele ya goti la mguu wa mbele. Uzi ukianguka karibu na katikati ya pedeli, kiti ki mahali pake.

Nne, usukani. Kwa safari za kawaida uwe katika kimo cha kiti, au juu yake kidogo, na viwiko vikunjike kidogo. Mikono iliyonyooshwa kabisa hupokea kila shimo la barabara na kulipeleka mabegani.

Baada ya hayo, usikilize mwili. Goti likiuma upande wa mbele, mara nyingi kiti ki chini mno. Likiuma upande wa nyuma, au nyonga zikiyumba, ki juu mno. Mikono ikifa ganzi, yaelekea usukani u mbali au u chini mno. Ubadilishe kitu kimoja tu kwa siku moja, tena kwa nusu sentimeta, ukapande siku mbili tatu kabla ya kubadilisha kingine. Maumivu yakidumu, nenda hospitali. Si kila ugonjwa ni wa kiti.

Sasa twaja katika habari za kundi. Mwaka 2025, mwezi wa Septemba, mashindano ya baisikeli ya dunia yalifanyika Kigali, kwa jirani zetu wa Rwanda, nayo ndiyo yaliyokuwa ya kwanza kufanyika Afrika. Wanaume walishindana mwendo wa kilometa 267.5. Aliyetazama aliona jinsi watu wale wenye nguvu walivyokwenda wakisongamana. Sababu yake ni upepo. Aendaye mbele huupasua, na aliye nyuma yake hupata kivuli cha upepo. Katika mwendo wa kasi aweza kupunguziwa hata theluthi moja ya kazi. Kwa mwendo wetu wa polepole faida hiyo ni ndogo, illa siku ya upepo mkali kila mtu huiona. Kwa hiyo si haki mtu mmoja kukaa mbele siku zote, wala kukaa nyuma siku zote.

Katika kundi letu tumeweka kanuni hizi. Kabla ya kuondoka kila mtu hujaribu breki zake, hubonyeza matairi, na kuangalia maji yake ya kunywa. Twapita upande wa kushoto, mmoja nyuma ya mwingine, kwa kuwa mabasi na malori hupita kwa kasi. Wanaoanza huacha nafasi ya urefu wa baisikeli moja kati yao na mwenzao, wala gurudumu la mbele lisiende ubavuni mwa gurudumu la nyuma la mwenzio. Magurudumu hayo yakigusana, wa nyuma ndiye aangukaye. Wa mbele akiona shimo au mbuzi hupaza sauti, na kila mmoja hulipeleka neno lile nyuma. Hakuna afungaye breki ghafula bila kusema. Twarudi kabla jua halijazama, na kila baisikeli ina kiakisi nyuma.

Na kanuni iliyo kubwa kuliko zote ni hii: mwendo wa kundi ni mwendo wa yule aliye dhaifu siku ile. Yeye huwekwa wa pili, ili afunikwe upepo na wa mbele amsikie. Mtu mwenye nguvu hukaa wa mwisho, awe macho ya wote. Mambo haya si mageni kwetu. Nani kati yetu hajawaona watu wa bugobogobo wakilima? Husimama mstari mmoja, ngoma ikapigwa, majembe yakapanda na kushuka pamoja. Hakuna akimbiliaye mwisho wa shamba peke yake ili asifiwe. Ngoma ndiyo iwekayo mwendo, na mstari wote hufika. Baba zetu walijua kulima hivyo, nasi tulisahau tulipopata magurudumu.

Anayetaka kuanza asianze na safari kubwa. Kilometa 10 zatosha kwa juma la kwanza, katika barabara isiyo na magari mengi. Watu 4 au 5 watosha kuwa kundi. Wanawake wasiachwe nje, kwani katika nyumba nyingi ndio waifanyao kazi kubwa ya kubeba, na mara nyingi ndio wapandao baisikeli ambayo haikuwekwa kwa ajili yao. Wazee husema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Baisikeli ya kuazima ni vivyo hivyo, hata kama mwenye kuiazimisha ni mume wako au baba yako.

Hapa ndipo twapenda kila mwenye nyumba atusikilize. Katika nyumba zetu baisikeli huwa moja, na kiti huwekwa kwa kimo cha baba. Mama na binti hupanda vivyo hivyo wakivumilia, na wakichelewa huambiwa kwamba ni wavivu. Jioni ya leo, ukiisha kula, itoe baisikeli uani. Mwite kila mmoja aipandaye, akae juu ya kiti, aweke kisigino juu ya pedeli, nawe utazame nyonga zake toka nyuma. Piga alama ya rangi katika chuma cha kiti kwa ajili ya kila mmoja. Kisha weka spana mahali ambapo wote waijua, na umfundishe kila mmoja kukilegeza kiti na kukikaza barabara. Gharama yake ni rangi kidogo na nusu saa.

Mayu alikaa majuma sita mkono ukipona. Tulikwenda nyumbani kwake sote saba kumwomba radhi, naye akatupokea, akatupikia viazi. Mwezi wa Septemba alifika Dutwa kwa baisikeli ile ile ya mumewe, kiti kikiwa katika alama ya chini. Alikuwa wa pili katika mstari, na mumewe, kwa baisikeli ya kuazima, alikuwa wa mwisho. Mjukuu alikuwa na siku nne.